Mrija wa Mama na Lori Lililogoma

Tulipomaliza matanga ya mama, ndugu walikaa sebuleni wakagawana vitu vyake. Vyungu vilipata mtu, jembe lilipata mtu, hata kile kigoda chake cha kukatia ndizi, ambacho mguu mmoja ulishaliwa na mchwa, kiligombaniwa na wake wawili wa nyumba moja. Mwisho ukabaki mrija wa shaba, mrefu kunishinda mimi, umepinda katikati kama goti, umeota ukijani mwilini. Kaka yangu aliuvuta kutoka darini akapangusa masizi.

"Na hili bomba ni la nini?"

Shangazi yangu, dada yake baba, aliuona akashika mdomo. "Tupa huo," akasema. "Tupa kabla mgeni hajaingia. Huo ni ushahidi."

"Ushahidi wa nini, shangazi?"

"Ushahidi wa mama yenu."

Niliuchukua mikononi mwa kaka, nikaweka pua kwenye tundu. Waliokuwapo walidhani ninaficha machozi. Kumbe nilikuwa natafuta harufu, na niliipata: ndizi zilizochacha, moshi wa kuni mbichi, na mbali kabisa, nyuma ya hizo zote, petroli. Huenda hiyo ya mwisho niliiongeza mwenyewe. Lakini mkono wangu ulikumbuka uzito wa mrija ule nikiwa mtoto wa miaka saba au minane, nikikimbia nao kati ya migomba, nikiwa na hakika kwamba nakwenda kumwokoa baba yangu, na kwamba kwa kufanya hivyo namtupa mama yangu jela.

Tuliishi Nyakakika, kwenye kibanja kilichoshuka mlima hadi kwenye kijito. Juu migomba, kati migomba na mibuni, chini migomba tena, minene, yenye giza la kijani hata saa sita mchana. Baba alikuwa dreva. Alijifunza udereva vitani, katika nchi ambazo hakupenda kuzitaja, akarudi na kofia ya kaki, kikohozi, na maarifa ambayo upande wetu hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Watu walimwita Dreva Petro, na mimi nilipopita njiani waliniita binti wa dreva, nami nilitembea kama mtu aliyeitwa hivyo.

Lori alilokuwa akiendesha halikuwa lake. Lilikuwa la Mzee Zakaria, mfanyabiashara kutoka upande wa Muleba, mzee wa kanisa, mtu wa miwani na mwavuli mweusi asiouacha hata kiangazi. Alinunua kahawa za wakulima, na baba alizibeba kutoka vijijini kwetu hadi ghalani Bugene. Lori lenyewe lilikuwa zee, pua yake ndefu, na watu walilibatiza jina Kiburi.

Jina lilistahili. Asubuhi, kwenye ukungu, baba alichomeka hendeli, akazungusha mara moja, mara mbili, Kiburi likanguruma. Likianza kutembea, lilitembea bila taabu, likapanda vilima na magunia mgongoni. Shida ilikuwa kulizima. Ukilizima jua likiwa utosini, baada ya mwendo mrefu, hukuliwasha tena. Hendeli ingezungushwa mpaka mtu atoke malengelenge. Wanaume wangelisukuma mteremkoni, likashuka kimya kama gari la maiti, likasimama bondeni na bado liko kimya. Halafu jua likipungua, baada ya saa nzima au zaidi, mtu yeyote angegusa hendeli, nalo likawaka kana kwamba halikuwahi kumkosea mtu.

Hapo ndipo ugomvi wa baba na Mzee Zakaria ulipoanzia. Mzee alilala Bugene, na kila asubuhi aliyolikuta Kiburi uani kwake lilimtii. Akaja siku moja hadi uani kwetu, akakataa kigoda, akaongea amesimama chini ya mwavuli.

"Petro, gari likiwa na mimi asubuhi, linawaka. Likiwa na wewe mchana, linagoma. Sasa niambie, ugonjwa ni wa gari au ni wako?"

"Mzee, asubuhi limepoa. Mchana limechemka. Nitaupata ugonjwa wake, nipe muda."

"Muda! Fundi wa Bukoba amebadilisha plagi. Amebadilisha koili. Betri mpya. Kilichobaki cha zamani ni dreva." Aliipenda kauli yake, akatazama kama majirani wameisikia. "Ninyi Wanyambo mnajua ng'ombe. Ng'ombe akikataa kutembea, mnamwimbia sifa zake, anatembea. Gari haliimbiwi."

Baba alivua kofia. Alikuwa na kawaida ya kufanya hivyo anapokasirika, kama mtu anayetaka kuitunza isiharibiwe na maneno.

"Kule vitani, mzee, niliendesha usiku bila taa, barabara haipo. Hakuna aliyeniuliza kabila langu. Waliniuliza tu kama tumefika."

"Basi Jumamosi ya wiki ijayo nitapanda na wewe mwenyewe. Likigoma mbele yangu, funguo unanikabidhi hapo hapo. Nina kijana Bukoba, amesoma, anangoja."

Alipoondoka, mama, aliyekuwa akimenya ndizi bila kuinua kichwa, alisema, "Na mwavuli ule, anamwogopa Mungu au anaogopa jua?" Baba alicheka, lakini kofia hakuivaa tena siku ile.

Jumapili baada ya misa baba alikuwa ameliinua boneti la Kiburi, mimi nimekaa kwenye madigadi ya gurudumu nikimsikiliza, maana alipenda kufikiri kwa sauti na mimi nilikuwa masikio yaliyokuwa karibu. "Gari ni vitu vitatu," aliniambia. "Moto, hewa, petroli. Kimoja kikikosekana, hakuna safari. Likigoma, natoa plagi, naona cheche, ya bluu, nzuri. Basi moto upo. Hewa ipo, nani ataiiba hewa? Petroli kwenye tangi imejaa. Lakini nikifungua huku kwenye kabureta likiwa limegoma, ni pakavu. Likipoa, petroli hii hapa. Unaona? Petroli inatoka tangini na haifiki. Inapotelea njiani."

"Njiani wapi, taata?"

"Humu," akasema, akapitisha kidole kwenye bomba jembamba la shaba lililotambaa kando ya injini, likapita juu ya ekzosi, likapanda kwenye pampu. "Humu humu."

Nilinyoosha shingo nikalitazama lile bomba.

Nilikuwa nimewahi kuona ng'ombe akichinjwa kwa bibi mzaa mama. Nilijua ndani ya mwili kuna matumbo, na nilipolitazama Kiburi limefunguliwa, niliyaona matumbo yake. Na bomba kama lile, la shaba ile ile, nililijua. Miezi michache nyuma nilimwona baba akishuka kutoka kwenye Kiburi jioni na kitu kirefu ndani ya gunia, akampa mama bila neno. Kesho yake kitu hicho kilikuwa chini ya majani makavu, bondeni, karibu na kijito. Hakuna aliyeniambia kwamba baba alikitoa kwenye lori lililokufa zamani, likaachwa porini barabara ya kwenda Kyerwa. Mimi niliona tu kilikotoka: kwenye Kiburi. Kwa hiyo nilijua, kama watoto wanavyojua, bila shaka yoyote, kwamba wazazi wangu wamelitoa lori utumbo, na lori linagoma mpaka lirudishiwe.

Lakini ningesemaje? Mrija ule ulikuwa siri ya nyumba. Mama alipika enkonyagi.

Rubisi kila mtu alipika, pombe ya ndizi ya kawaida, ya harusi na misiba, serikali haikuwa na neno nayo. Enkonyagi ilikuwa jambo jingine. Mama aliichukua rubisi iliyokwisha kukomaa, akaitia kwenye chungu kikubwa juu ya moto, akaziba mdomo wa chungu kwa udongo mpaka pumzi isitoke popote ila kwenye mrija. Mrija ulishuka kuelekea kwenye chupa, na njia nzima aliuvika magamba ya mgomba. Aliuangusha mgomba uliokwisha kuzaa, akaubandua tabaka kwa tabaka, akautandaza mrija ndani ya yale magamba meupe, mazito, yaliyojaa maji yao wenyewe kama sifongo. Kazi yangu ilikuwa kata ya maji. Nilikaa hapo nikilowesha, nikilowesha, na kwenye mdomo wa chupa tone likaanguka, tone jingine likafuata. Nikisinzia au nikichezea kaa wa kijitoni, magamba yalipata joto, matone yakakoma, na mrija ukaanza kupiga mluzi mwembamba.

"Ukisikia mluzi umechelewa," mama aliniambia. "Moshi wa pombe ni kama mtoto mtukutu. Ukimpoza anatulia, anakuwa maji. Ukimwacha na joto lake anakimbia."

Kwa enkonyagi watu walifungwa. Mama mmoja wa Rugu alipelekwa barazani, mahali pa kuhukumiwa kesi, akatumikia kifungo cha miezi, akifyeka nyasi za uwanja wa baraza mbele ya watoto wake. Nilipomuuliza mama kwa nini basi anapika, alinitazama kama niliyemuuliza kwa nini anapumua. "Migomba nimepanda mimi. Maji yanatoka kwenye mlima huu. Kuni nimebeba kichwani. Huyo Mwingereza wao yupo wapi katika kazi yote hiyo?" Halafu akaongeza, taratibu, "Lakini wewe ukiambiwa sema, unasema hujui."

Wiki ile yote nililala na siri mbili zinazopigana. Nikisema, mama anafyeka nyasi. Nikinyamaza, baba anakabidhi funguo.

Jumamosi Kiburi lilitokea Rugu saa za jua kali, vumbi limelifunika mpaka miwani ya Mzee Zakaria ilikuwa rangi ya udongo. Nyuma, juu ya magunia, alikaa mkungu, kiongozi wa kijiji chetu, aliyeomba lifti kwenda barazani Bugene. Alikuwa mtu mnene, mwenye masihara, na watu walimpenda na kumwogopa kwa siku tofauti. Lori lilisimama mbele ya kibanja chetu, ambapo majirani walikuwa wamepanga magunia yao ya kahawa, likiendelea kunguruma.

"Zima," akasema Mzee Zakaria.

"Mzee, tupakie likiwa linawaka. Dakika chache tu."

"Petroli haiokotwi barabarani. Zima, Petro. Hilo ndilo nimekuja kuliona."

Baba akazima. Ukimya ulioshuka nilikuwa nimeungoja wiki nzima. Magunia yakapakiwa. Baba akachomeka hendeli, akazungusha. Akazungusha tena. Wanaume walipokezana, mishipa ikawatoka shingoni. Kiburi halikukohoa hata kidogo.

Baba hakuhamaki. Alifungua boneti, akatoa plagi, akamwambia jirani azungushe, na mbele ya macho ya wote cheche ikaruka. "Moto upo, mzee. Umeona." Akachukua spana, akalegeza nati ya bomba pale linapoingia kwenye kabureta. Petroli haikutoka. Kilichotoka ni mluzi, mwembamba, mrefu, halafu kimya.

"Nimeona," akasema Mzee Zakaria. Akanyoosha kiganja. "Funguo."

Sikungoja kuona kama baba ataingiza mkono mfukoni. Nilikimbia. Nilishuka bondeni majani ya mgomba yakinipiga usoni, nikafukua majani makavu, nikauvuta mrija. Ulikuwa mzito na mrefu kunizidi, ukanikwaruza bega, ukaninasa kwenye mibuni. Mama, aliyekuwa amesimama kwenye uzio na kisu chake cha ndizi, aliniona nikipita, akaita jina langu kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, nami sikusimama. Nililia nikikimbia. Nilitokea barabarani, nikautupa mbele ya gurudumu la Kiburi, ukalia kwenye mawe kama kengele.

"Taata, lirudishie," nikasema. "Utumbo wake ni huu. Ndiyo maana linagoma. Lirudishie, usitoe funguo!"

Hakuna aliyecheka. Wanakijiji waliutazama ule mrija, kisha wote kwa pamoja wakaona jambo la maana la kutazama mahali pengine: mawingu, kucha zao, magunia. Kila mtu pale aliujua kwa kazi yake.

Mkungu alishuka taratibu kutoka kwenye magunia. Akaokota mrija, akaunusa upande mmoja, akaunusa upande wa pili.

"Aisee," akasema. "Huu umelewa kuliko mimi siku ya harusi yangu." Halafu masihara yakamtoka usoni. "Wa nani?"

Baba alifungua mdomo. Nilijua anataka kusema ni wake yeye, na labda mama aliyekuwa ametokea nyuma yangu akihema, kisu cha ndizi bado mkononi, alijua pia, kwa sababu alimwahi.

"Ni wangu."

"Mke wa Petro," mkungu alisema kwa sauti ya chini, "fikiri kabla hujasema."

"Nimefikiri tangu nilipoupata. Ni wangu. Mtoto hajui kitu, na Petro alikuwa safarini." Akampita mkungu kama anayepita gogo, akasimama mbele ya boneti lililo wazi. "Hiyo sauti ya sasa hivi. Petro, ifanye tena."

"Sauti gani?"

"Niliisikia nikiwa pale kwenye uzio. Fungua."

Baba akakaza nati, jirani akazungusha hendeli, baba akailegeza tena. Mluzi. Mama akainamisha kichwa kando, kama mtu anayesikia sauti ya mwanawe kati ya watoto wa shule.

"Hiyo naijua," akasema. "Hakuna kilichopotea humu. Petroli yenu imekuwa moshi. Bomba mmelipitisha juu ya moto, mnalichemsha kutwa nzima, halafu mnasimama hapa na miwani mnauliza maji yako wapi."

"Mwanamke," akasema Mzee Zakaria, "wewe unajua nini habari za injini?"

"Injini siijui. Chungu nakijua."

Nilimwona baba akiliangalia bomba, kisha ekzosi chini yake, kisha mama. Akaanza kucheka polepole, kicheko cha mtu aliyeitafuta kofia kutwa nzima na iko kichwani. "Likitembea, upepo unalipoza," akasema peke yake. "Likisimama, upepo hakuna. Joto lote linapanda. Ee Mungu wangu. Leteni panga!"

Mama hakumngoja. Alikata mgomba uliokuwa karibu na barabara, akaubandua magamba kwa kisu chake, haraka, mikono yake ikitoa sauti ile ya maji maji niliyoijua. Baba alimwonyesha. "Bomba hili na pampu hii tu, mke wangu. Chuma cha injini usikimwagie maji, kitapasuka." Mama akavika, akafunga kwa kamba za mgomba ule ule, mimi nikaletewa kata yangu. Nikalowesha, kazi yangu ya siku zote, machozi bado shavuni. Magamba yalitoa mvuke, yakatulia. Harufu ya utomvu wa mgomba ikachanganyika na ya petroli. Watu walikaa kwenye nyasi, wakavuta sigara, wakapitisha buni za kutafuna. Mzee Zakaria alifunga na kufungua mwavuli.

"Haya," mama akasema.

Baba akazungusha mara moja. Mara ya pili Kiburi likapiga chafya, likaguna, likanguruma mpaka kuku wakaruka. Wanawake walipiga vigelegele vilivyosikika ng'ambo ya bonde. Baba alivaa kofia yake.

Ningependa kumalizia hapo. Ila mkungu alikuwa bado na mrija mkononi.

"Kazi nzuri," akasema, na nadhani aliumia kusema kilichofuata. "Sasa panda, mke wa Petro. Twende barazani. Watu wote hawa wamesikia ukisema ni wako. Nikikuacha, kesho nitafyeka nyasi mimi."

Mama alimtazama Mzee Zakaria. Mzee alikuwa anasafisha miwani. "Sheria ni sheria," akaiambia miwani yake.

"Sawa," mama akasema. Mkungu akamwonyesha magunia nyuma. "Huko hapana. Aliyeliwasha gari hakai na mizigo," mama akasema. Akafungua mlango wa mbele, akakaa katikati, akanipakata. Mzee Zakaria akabanwa kwenye mlango na mwavuli wake kati ya magoti, na hivyo ndivyo mama yangu alivyopelekwa kushitakiwa, mbele, akitazama barabara, akiwapungia mkono waliokuwa wakichuma kahawa kama mtu anayekwenda kupokea zawadi. Njia nzima mkono wake ulikaa kichwani mwangu, na haukuwa mzito.

Bugene, mbele ya baraza, mkungu aligonga bati. "Zima, Petro. Karani hapendi kelele."

Baba alimtazama mama. Mama alimtazama baba. Kitu kikapita kati yao nikiwa katikati, nisikielewe. Baba akazima, tena kwa furaha.

Ndani palikuwa na meza, kalamu ya wino, na karani kijana mwenye mgawanyo wa nywele ulionyooka. Mrija uliwekwa juu ya meza, ukazidi pande zote mbili. Karani akauliza jina la mama, akaliandika polepole kwa mwandiko mzuri. Kupitia dirishani nilisikia yaliyokuwa yakiendelea nje.

"Twende, Petro. Ghala linafungwa."

Hendeli ikazunguka. Kimya.

"Limegoma, mzee."

"Si dawa mnaijua? Hayo majani yamekauka, weka mengine."

"Mimi dreva, mzee. Fundi yuko ndani."

"Petro! Si umeona alivyofanya?"

"Niliona mgongo wake tu. Na mzee mwenyewe ulisema, sisi tunajua ng'ombe."

Nikasikia boneti likifunguliwa, kisha mlio wa mtu aliyeungua. Baadaye baba alitusimulia kwamba Mzee Zakaria alilowesha leso yake akaifunga kwenye bomba nene la rejeta, lenye maji yanayochemka. Alipoingia barazani alikuwa amekishika kidole kimoja, na mwavuli hakuwa nao. Mara ya kwanza kumwona bila huo.

"Karani," akasema. "Kuna makosa. Huo mrija ni wa gari langu."

Kalamu ikasimama. "Wa gari lako, mzee?"

"Spea."

Karani akainama, akanusa. "Unanuka pombe."

Mzee Zakaria aliangalia paa, ambako labda aliona anayemwangalia. "Gari langu," akasema, "ni la zamani sana."

Mkungu alikohoa kwa nguvu, akageukia ukutani, mabega yake yakitikisika. Karani hakucheka. "Mzee wa kanisa, niliandike neno hili kwa jina lako?"

Hapo Mzee Zakaria akaniona. "Muulize huyu mtoto. Alisema mbele ya kijiji kizima, mkungu ni shahidi. Alisema nini?"

Karani akanitazama kwa macho makali. Mama alikuwa amenifundisha niseme sijui. Lakini mimi nilijua. Nilikuwa nimelijua jambo hili wiki nzima, na hatimaye mtu mkubwa alikuwa ananiuliza.

"Ni utumbo wa lori," nikasema. "Ulitolewa. Ndiyo maana linagoma."

Sikusema uongo. Ndiyo maana sauti yangu haikutetemeka, na nadhani ndiyo maana karani, baada ya kuniangalia muda mrefu, alipiga mstari juu ya jina la mama. Miaka mingi baadaye nilipokuja kujua kwamba Kiburi halikukosa utumbo wowote, nilijiuliza ni nani hasa aliyesema uongo mle ndani, na sikumpata.

Mzee Zakaria alielekea mlangoni. Mama hakuinuka.

"Na funguo, mzee?"

"Funguo ni za Petro."

"Sema kwa sauti. Karani asikie."

"Funguo ni za Petro!" Mzee Zakaria akapaza sauti, mpaka waliokuwa nje wakageuka. Mama akainuka, akauchukua mrija wake mezani, akauweka begani kama jembe, akatoka kwenda kukata mgomba.

Jumatatu iliyofuata alipika tena.

Shangazi bado alikuwa ameshika mdomo, akinisubiri nitupe. Nikaupangusa mrija kwa upindo wa kanga ya mama, nikausimamisha kando ya mlango, mahali ambapo mgeni yeyote angeuona kwanza.

"Si ushahidi, shangazi," nikamwambia. "Ni spea ya gari."